Trakta Iliyokataa Kutoa Cheche

Noella Ninahazwe alipoingia kwenye parseli, kiwanja cha nyumba ya marehemu Marcellin, kule Kilibula mjini Uvira, alikuta mwanamke ameshafungiwa mizigo na watu wengine.

Mizigo ilikuwa kwenye baraza: godoro lililokunjwa, sufuria mbili, na nguo ndani ya shuka. Mwenye mizigo alikaa chini kando yake, amevaa nguo nyeusi za kilio. Huyo ni Libérate, mjane wa Marcellin, anayeitwa Mama Ishimwe kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Watoto wake watatu walikuwa ndani ya nyumba pamoja na bibi yao. Hao hakuna aliyewafungia kitu. Wao walikuwa wanabaki. Jamaa ilishaamua: jua likigusa mlima, kaka za Libérate watakuja kumchukua, arudi kwao Kiliba peke yake.

Wamama mnaosoma, muone jinsi inavyoanza. Inaanza kwa mtu mmoja kusema neno moja, na wengine wote wanaacha kutazama.

Noella alikuwa OPJ, afisa wa polisi mwenye kazi ya kupeleleza. Asubuhi ile alipokea mashtaka ya Sévère, mdogo wa marehemu. Mashtaka yalisema wizi. Sévère mwenyewe alimpokea langoni.

"Karibu, Mama OPJ. Mwizi iko pale. Usijichokeshe, umubebe tu."

"Aliiba nini?"

"Moto."

"Moto gani, papa Sévère?"

"Ya trakta! Mafuta iko. Batri iko. Injini inazunguka vizuri. Lakini haishiki, juu cheche hakuna. Huyu alijua tunataka kuipeleka shamba, akatoa kintu mu injini, akaficha."

"Kintu gani?"

"Kama ningejua ni kintu gani, ningekuita weye?"

Wanaume wa jamaa waliokuwa wamekaa kwenye kivuli walicheka. Noella alingoja wamalize kucheka.

"Na ukipata cheche, mashtaka yako inabaki na nini?"

Sévère alikuna shingo. "Ikitoa cheche leo, hapa, mbele ya macho yangu, minye nafuta. Lakini haitatoa."

"Mmesikia wote," Noella aliwaambia wale wanaume. "Sasa nionyesheni hiyo trakta."

Ilikuwa chini ya bati nyuma ya nyumba, katrakta kadogo ka bustani, ka miaka ya sabini. Baba yao Sévère na marehemu alikanunua kwa mzungu wa pamba aliyekuwa anahama. Rangi nyekundu ilishakuwa kama ya tofali. Kila msimu kalilima mashamba ya jamaa kule bondeni Ruzizi, na mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha. Kiti chake kilikuwa kimefunikwa kitenge cheusi, kimefungwa fundo chini. Kwa jamaa hiyo, kiti cha baba wa nyumba hakikaliwi na mtu mpaka siku ya kuganduka, siku ya kumaliza matanga. Kiti cha Marcellin cha mezani pia kilifungwa hivyo hivyo. Siku ya kuganduka ilikuwa bado mbali.

Kando ya trakta alisimama Gédéon, fundi kutoka Kasenga, anapangusa mikono kwa kitambaa.

"Weye ndiye wa mwisho kufungua injini?" Noella alimuuliza.

"Njo minye, mama."

"Sema ulichofanya. Polepole."

"Nilitoa buji." Alimwonyesha kile kidude kinachowasha mafuta ndani ya injini. "Nikaigusisha chuma, Sévère akazungusha injini. Kavu. Nikaweka buji mpya. Kavu. Platini, vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana, nilisafisha mpaka ikang'aa. Nikasema basi ni bobini, ile inayotengeneza umeme mkali. Nikaitoa, nikaenda nayo atelier, karakana yangu kule Kasenga, nikaipima kwa batri yangu: pa! Cheche ya bluu, mama, ungeweza kuwashia sigara. Nikairudisha hapa."

"Na hapa?"

"Kavu."

"Kuna kifaa kinachokosa?"

Gédéon alimwangalia Sévère kwanza. "Sijaona kinachokosa. Kila kimoja ni kizima. Ukivikutanisha vyote, vinakufa."

"Voilà!" Sévère alipiga makofi. "Kama hakuiba, basi aliloga. Moja kati ya hizo mbili."

"Papa Sévère, uliandika wizi."

"Uandike na uchawi."

"Kwenye kazi yangu uchawi hauna mahali. Uchague kimoja, na ukikosa hicho, unyamaze."

Mwanamke mmoja alichungulia juu ya ukuta wa jirani. Alikuwa Vanessa, muuza ndakala, na mikono yake ilikuwa inang'aa magamba ya samaki.

"Mama OPJ, mbona hamuulizi juu ya Pitchou?"

"Pitchou ni nani?"

"Motari. Juzi asubuhi sana alitoka hapa na kintu kizito mu gunia. Kizito! Pikipiki ilikuwa inainama nyuma. Minye nilijisemea, hiyo ni nini inatoka kwa mjane kama inakimbia?"

Sévère aligeuka na kumnyooshea Libérate kidole. "Unaona? Unaona?"

Libérate hakuinua kichwa. "Sijamtuma Pitchou popote," alisema.

Noella alimtuma kijana mmoja kumwita Pitchou kwenye kituo cha motari. Alikuja haraka, akaegesha pikipiki langoni bila kuizima.

"Zima," Noella alisema. "Ulibeba nini humu juzi?"

"Minye? Nabeba vitu vingi, afande."

"Mu gunia. Kizito."

"Aa, hiyo. Batri."

"Batri ya nani?"

"Ya hii trakta. Nilipeleka Kimanga kuishajisha, itiwe umeme. Nikairudisha jioni."

"Nani alikutuma?"

Pitchou alifungua mdomo, lakini jibu lilitoka ndani ya nyumba, kwa sauti nzito ya mwanamke mzee.

"Njo minye! Na nilimulipa. Kuna shida?"

Mama Louise, mama yake marehemu, alikuwa amesimama mlangoni, mjukuu mdogo amemshika nguo.

"Mlisema haina cheche, nikafikiri ni batri. Hakuna aliyeniuliza. Sévère, mwanangu, unatafuta mwizi hapa tangu juma lililopita, na mama yako humuulizi hata maji iko wapi."

Wale wanaume walicheka tena, safari hii walimcheka Sévère. Noella aligeuza funguo ya kontakti, ile ya kuwashia, kidogo tu. Taa ya mbele ikawaka, nyeupe, ya nguvu. Batri ilikuwa nzima. Habari ya Pitchou ikaishia hapo.

Jua lilikuwa limeshuka karibu na mgongo wa mlima. Uvira ni hivyo, mlima unameza jua wakati ng'ambo ya ziwa Bujumbura bado wanaliona. Noella alirudi ukutani kwa Vanessa.

"Tangu mazishi, hii injini haijawahi kushika? Hata kidogo?"

"Haijawahi," Sévère alijibu haraka.

"Sikukuuliza weye."

Vanessa alijifuta mikono. "Ilikohoa mara moja. Siku ya maji."

"Siku gani ya maji?"

"Siku mto ulipoingia mu parseli. Wanaume walikuwa wanasukuma trakta kupanda huku juu. Sévère anatembea kando, anageuza-geuza funguo. Mara moja: puh! puh! Moshi mweusi! Hee, mama, kama ungeona wanaume wanavyokimbia. Sévère aliacha kiatu mu matope."

"Sikukimbia," Sévère alisema. "Nilienda kutafuta msaada."

"Kwa kasi ile?"

"Papa Sévère," Noella alisema, "juu ya nini ulikimbia injini uliyotaka iwake?"

Mzee mmoja wa jamaa ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Tulikuwa tumetia gunia mu kiti. Gunia ya mbegu, isilowe. Ilipokohoa, tulijua ni Marcellin amekasirika, tumeweka mzigo mahali pake. Sévère akakata funguo, tukaondoa gunia, tukaomba msamaha. Haikukohoa tena."

"Kabla ya gunia, ilikuwa kimya?"

"Kimya."

"Na baada ya kuondoa gunia?"

"Kimya."

Noella alitazama kile kitenge cheusi. Kisha alimgeukia fundi.

"Gédéon, una taa ya kupimia?"

Alikuwa nayo, kabalbu kadogo kenye nyaya mbili.

"Fungua kontakti, kisha pima hapo kwenye funguo."

Gédéon alipima. Kabalbu kaliwaka.

"Pima kwenye bobini."

Kabalbu hakakuwaka.

"Kwa hiyo umeme unatoka hapa na haufiki pale. Ni kama Pitchou ametoka Kasenga hajafika Kimanga. Sisi tungefanya nini?"

"Tungefuata barabara," Pitchou alijibu. Alikuwa hajaondoka, utamu ulishamshika.

"Tufuate."

Gédéon aliweka kidole kwenye waya mwekundu nyuma ya funguo na kuupeleka polepole. Ulishuka kando ya usukani, ukapita juu ya ubao wa miguu, ukaingia chini ya kitenge. Upande wa pili ulitokeza na kuendelea mpaka kwenye bobini.

"Hapa katikati ukoje?"

"Nilivuta huku, nikavuta huku. Imeshika vizuri, haijakatika."

"Nimekuuliza ukoje chini ya kiti."

Gédéon alirudisha mkono wake. "Mama, hiyo kiti imefungwa. Ni ya marehemu. Minye ni muntu wa Kasenga, sikuzaliwa mu hii nyumba. Nifungue kiti ya baba ya watu?"

"Ulifanya vizuri kuiheshimu. Nani mwingine alifungua?"

Walishangaa wote pamoja. Hakuna! Nani angethubutu?

"Na nani aliikalia tangu mazishi?"

"Mama OPJ!" mzee alisema. "Hata mbuzi haijaikalia."

"Basi kila aliyejaribu kuwasha, alikuwa wapi?"

"Chini," Sévère alisema. "Hapa pembeni. Unanyoosha mkono, unageuza funguo."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Noella alienda mpaka barazani, akachuchumaa mbele ya mjane. Ndilo swali la kwanza Libérate aliloulizwa siku ile, maana wengine wote walimletea majibu.

"Mama Ishimwe. Mume wako akiwasha trakta, alikuwa anasimama wapi?"

Libérate alimtazama kama mtu anayeulizwa kama maji yanalowesha. "Hasimami. Anapanda, anakaa, anageuza."

"Hata siku moja hakuwasha amesimama chini?"

"Hapana. Na minye mwaka ule alipougua nikalima mahali pake, alinifunza hivyo. Kaa kwanza."

"Tangu afe, ulijaribu kuiwasha?"

"Mjane hagusi kazi mpaka aruhusiwe. Sijaenda hata nyuma ya nyumba."

Noella alisimama. "Leteni lile gunia."

Kelele zilipanda. Sévère alisema hapana, mara ya pili hawatasamehewa. Mzee alitikisa kichwa. Noella hakubishana nao. Alimgeukia Mama Louise pale mlangoni.

"Mama, sitafungua kitu. Sitakalia kitu. Naomba kuweka gunia juu ya kitenge, mbele yako. Ukisema hapana, nafunga mashtaka na naenda, na jua likigusa mlima huyu anaenda Kiliba."

Mama Louise alitazama mlima. Alitazama wajukuu.

"Gunia si muntu," alisema. "Weka."

Kwanza Noella alitaka watoto wote warudi kwenye baraza, na Vanessa akapewa kazi ya kuwashika. Magurudumu yaliwekewa mawe mbele na nyuma. Gédéon alitikisa mti wa gia kuhakikisha uko katikati, akafunga mafuta, akapangusa injini mpaka ikakauka kabisa. Buji ilitolewa ikalazwa juu ya chuma, waya wake ukiwa umeshika. Na nyinyi msije mkafanya haya na watoto wamezunguka, au petroli imemwagika. Cheche haichagui cha kuwasha.

"Bila gunia, kwanza," Noella alisema. "Geuza."

Sévère aligeuza. Injini ilizunguka. Buji ikabaki nyeusi.

"Mnaona mlivyozoea kuona. Sasa gunia."

Pitchou na Gédéon waliinua gunia la mbegu, wakalituliza juu ya kiti taratibu, kama wanavyoweka mtoto aliyelala. Chini ya kitenge kulisikika kitu kidogo: tik.

"Pima bobini."

Kabalbu kakawaka.

"Yesu," alisema Gédéon.

"Geuza, papa Sévère."

Sévère aligeuza funguo kwa ncha za vidole, mguu mmoja umeshatangulia kukimbia. Kwenye ncha ya buji ilipasuka cheche ya bluu. Tena. Tena. Ta-ta-ta-ta, kila mzunguko, wazi mbele ya macho ya kila mtu. Vanessa alipiga kigelegele kutoka barazani. Watoto wakaruka.

"Ni bahati," Sévère alisema.

"Toeni gunia. Geuza."

Kavu.

"Rudisheni. Geuza."

Cheche.

"Toeni."

Kavu.

"Bahati yako ina adabu sana, papa. Inatii kila amri."

Hapo walicheka mpaka mzee akashika mbavu. Mama Louise alishuka ngazi. Watu walimpisha. Alifika kwenye trakta, akapiga magoti, na kwa vidole vyake mwenyewe akafungua fundo la kitenge. Yeye ndiye aliyemzaa mwenye kiti.

"Tazama, fundi," alisema.

Gédéon aliinua kiti. Chini yake kulikuwa na springi moja na kidude cheusi chenye kitufe kinachobonyea. Waya mwekundu uliingia upande mmoja, ukatokea upande mwingine. Alibonya kwa kidole, kabalbu kakawaka. Aliachia, kakazima.

"Inataka uzito," alisema. "Bila muntu juu, inafunga umeme. Cheche inakosa njia. Kumbe, mama, tulikuwa tunatafuta ugonjwa mu mashine nzima!" Alicheka, akatoa koleo mfukoni. "Hii ni kazi ndogo. Nakata, naunganisha waya mbili moja kwa moja, hamtaihitaji tena. Mutawasha hata mukisimama."

"Rudisha koleo," Noella alisema.

"Juu ya nini?"

"Mwaka jana nilipima mahali mtu alipofia, kule bondeni. Aliwasha trakta amesimama chini, mbele ya gurudumu. Gia ilikuwa imeingia. Hakuna aliyekuwa juu wa kuizuia. Mke wake alikuwa amesimama anaangalia." "Hicho kidude ni mlinzi. Watoto watatu wanacheza humu. Usiuze mlinzi wao."

Gédéon alirudisha koleo mfukoni, akashusha kiti kwa mikono miwili.

"Papa Sévère," Noella alisema. "Ulisema ikitoa cheche mbele ya macho yako."

"Nilisema."

"Kilichoibiwa ni nini?"

"Hakuna."

"Sema kwa sauti. Ulipomwita mwizi hukunong'ona."

Sévère alisimama mbele ya Libérate. Alianza kwa kutazama miguu yake, mama yake akakohoa, akainua macho.

"Shemeji. Hukuiba. Hukuloga. Nilisema kitu sikukijua. Unisamehe."

"Nimesikia," Libérate alisema. Hakuna aliyemlazimisha aseme amesamehe.

Pikipiki mbili zilisimama langoni. Kaka zake Libérate walikuwa wamefika kutoka Kiliba, nyuso ngumu, na kamba za kufungia mizigo mkononi.

"Mizigo iko wapi?" mkubwa wao aliuliza.

"Hakuna mizigo," Mama Louise alimjibu. "Kuna godoro tu, linapigwa jua. Ingieni mukule."

Kisha aligeukia jamaa yote. "Na nyinyi musikie. Mulisema Marcellin amekasirika. Marcellin hakuweka hasira mu kiti. Alikuwa anawaambia kitu alichomwambia mke wake: kaa kwanza. Kitenge nimefungua minye, na lawama ya kufungua nitabeba minye. Mvua haingoji kuganduka."

Sévère aliweka mkono kwenye usukani.

"Weye hapana," mama yake alisema. "Weye unakimbiaka."

Kicheko kililipuka mpaka kwa jirani. Gédéon alifunga buji mahali pake, akafungua mafuta. Mawe yalitolewa.

"Libérate, binti yangu. Panda."

Libérate alipanda na nguo zake nyeusi, akazikusanya zisining'inie karibu na magurudumu. Alikaa. Alikagua gia, akatazama nyuma, akatazama mbele, akatafuta watoto kwa macho mpaka akawaona wote watatu barazani. Ndipo alipogeuza funguo.

Injini ilishika mara moja, bila kukohoa. Bati lilitetemeka juu yake, kuku wa Vanessa wakaruka ukuta, na watoto wakapiga kelele hata jina la mama yao halikusikika, lilionekana tu kwenye midomo.

Noella aliandika mstari mmoja, Sévère akatia sahihi, mashtaka yakafa.

Trakta ilizunguka nyumba na kutoka langoni mpaka barabarani, ambako motari na watu wa soko walikuwa wamejaa, wamekuja kuona. Hakukuwa na nafasi ya kupita. Mama Louise alimsukuma Sévère mgongoni. Akatangulia mbele, mbali kidogo na magurudumu, mikono juu.

"Mupishe! Mupishe mama apite!"

"Mama gani?" motari mmoja aliuliza.

Sévère aligeuka, akatazama nyuma kwenye trakta, akavuta pumzi.

"Mama Ishimwe!" alipaza sauti, Kilibula nzima isikie. "Mwenye trakta!"